Bima ya Ng'ombe Inaangalia Nyasi, Mtoi wa Korbesa Anangojwa Mpaka Akonde

Kama ulikuwa mtandaoni katikati ya 2025, lazima jina Isiolo lilikupita kwa simu. Juni, MCA walisema wamembandua Gavana Abdi Guyo. Kesi ikafika Seneti, na Julai maseneta wakaitupa. Kwa hizo wiki chache kila msee wa Nairobi alikuwa mtaalamu wa siasa za Isiolo. Vibonzo vikachorwa, tukacheka, tukahamia kwa drama ingine.

Sasa kuna Isiolo ingine haijawahi kutrendi hata siku moja. Inaitwa Korbesa.

Korbesa iko upande wa Merti. Ukitoka Isiolo mjini lami inakuacha njiani, inayobaki ni vumbi msimu wa jua na matope msimu wa mvua. Tegemeo la huo upande ni mto Ewaso Nyiro na visima. Wakaaji wengi ni Waborana, watu wa mifugo. Na kwa Kiborana, korbesa ni beberu, yaani dume la mbuzi. Nakwambia hivi mapema juu risto ya leo ni ya maziwa, na kuna kaucheshi hapo: kijiji kinaitwa beberu, na shida yake kubwa ni kujua maziwa yameenda wapi.

Tuanze na kitu kidogo. Kuna utepe fulani wa rangi tatu, unaweza kuukunja ukaingia kwa mfuko wa shati. Wahudumu wa afya wanauita MUAC. Unazungushwa kwa mkono wa kushoto wa mtoi, katikati ya bega na kiwiko, alafu unasoma namba. Ikiwa milimita 125 kwenda juu, hiyo ni kijani, mathe anapumua. Kati ya 115 na 125 ni njano, mtoi ameanza kukonda. Chini ya 115 ni nyekundu, na nyekundu maanake ni utapiamlo mkali, mtoi anafaa kuwa kwa matibabu leo, sio kesho.

Unataka kujua milimita 115 ni nini? Ingia jikoni, chukua yai la kuku, zungusha uzi pale katikati penye limenona. Utapata kitu kama milimita 130 na kitu. Mkono wa huyo mtoi wa nyekundu ni mwembamba kuliko hilo yai.

Hizo namba hazipotei hewani. Kila mwezi NDMA, ile mamlaka ya serikali ya kushughulikia ukame, inatoa ripoti ya kila kaunti kame. Ndani utapata mvua, nyasi, bei ya mbuzi, umbali wa kwenda kutafuta maji, na asilimia ya watoi walio hatarini kwa kipimo cha mkono. Alafu kuna zile tafiti kubwa zaidi zinaitwa SMART, ambazo zinazunguka vijiji kupima watoi wa miezi 6 hadi 59, uzito, urefu na mkono. Shirika la Afya Duniani linasema watoi waliokonda wakifika asilimia 15 ya wote, hiyo ni hali mbaya sana, watu wanafaa kukimbia.

Kwa hivyo usidanganywe na mtu ati huko hakuna data. Data ni mob. Ukiskia mwanasiasa akisema "tunangoja utafiti", hizo ni stori za jaba. Watoi wa kaskazini mwa Kenya wamepimwa na serikali, na mashirika, na vyuo vikuu vya ng'ambo, miaka nenda miaka rudi.

Shida yangu na huo utepe sio kwamba unadanganya. Haudanganyi hata kidogo. Shida ni kwamba unaongea ikiwa imechelewa. Mkono hauanzi kukonda siku ng'ombe anakosa nyasi. Nyasi zinaisha kwanza, ng'ombe na mbuzi wanaacha kutoa maziwa, mathe anatembea mbali zaidi kutafuta maji, mtoi anakunywa chai ya rangi badala ya maziwa, anashikwa na kuhara, na baada ya hizo wiki zote ndio mkono unaanza kuingia njano. Ukifika nyekundu, kitu kilichomleta hapo kilitokea kitambo.

Sasa nikuonyeshe kitu kilinishtua vile nilikuwa nasoma hizi mambo.

Mwaka wa 2010, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, ile iko hapa Nairobi, na washirika wake walianzisha bima ya mifugo kule Marsabit. Baadaye, 2015, serikali ikachukua hilo wazo ikaanzisha mpango wake mkubwa, KLIP, ukaingia kwa kaunti kadhaa za wafugaji, Isiolo ikiwa moja. Hiyo bima haingoji ng'ombe afe ndio mtu aje na picha ya mzoga kudai. Setilaiti inaangalia dunia kutoka juu na kupima vile malisho yako kijani. Rangi ikishuka chini ya kiwango fulani, pesa inatoka, mfugaji ananunua chakula cha mifugo mapema, ng'ombe anapona. Hiyo bima ilikuwa na matatizo yake, sikatai, na wafugaji waliilalamikia. Lakini cheki wazo lenyewe. Mtu alikaa chini akasema, tukingoja ng'ombe afe tumechelewa, wacha tuangalie nyasi.

Kwa mtoi, hatujasema hivyo. Mtoi tunamngoja akonde.

Hata mifumo mizuri iko hivyo. Kuna moja inaitwa Surge, ilijaribiwa kwanza Marsabit mwaka wa 2012 na shirika la Concern Worldwide pamoja na idara ya afya, na ni poa. Zahanati inajiwekea viwango: tukipata watoi wengi hivi wa utapiamlo kwa mwezi, tunaongeza wahudumu, wakizidi hapo, tunaita kaunti itusaidie. Imeokoa zahanati nyingi zisizidiwe. Lakini kengele yake inalia kwa kuhesabu nini? Watoi ambao washafika mlangoni wakiwa wamekonda.

Na sio eti hatujui nini kinakuja kabla. Tunajua. Ni maziwa.

Miaka ya 1990, watafiti watatu, Martha Nathan, Elliot Fratkin na Eric Roth, walikaa na Warendille wa Marsabit, majirani wa hao Waborana wa Isiolo. Walitaka kujua swali moja rahisi: mtoi wa mfugaji ambaye bado anahama na mifugo, na mtoi wa mfugaji ambaye familia yake imekaa mjini karibu na kisima, shule na kanisa, nani yuko sawa kiafya? Ukiniuliza bila kufikiria ningesema wa mjini. Kuna zahanati, kuna duka, kuna unga. Wakapima. Ilikuwa kinyume. Watoi wa wale wanaohama walikuwa wanakunywa maziwa karibu mara tatu ya wale wa mjini, na utapiamlo ulikuwa juu zaidi kwa wale waliokaa, hasa kipindi cha ukame.

Tusiifanye hiyo kuwa picha ya postikadi, ati maisha ya kuhama ni matamu basi kila mtu arudi porini. Kukaa mahali pamoja kunaleta chanjo, kunaleta shule, kunaleta mkunga. Mathe akipata shida ya kujifungua usiku, bora awe karibu na zahanati kuliko awe na ng'ombe mia. Na wengi hawakuchagua kukaa. Kwa Waborana wa Isiolo, wazee wakiongea kuhusu miaka ya vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, wanaiita gaf daba, ule wakati mambo yalisimama. Watu walikusanywa kwa kambi chini ya ulinzi, mifugo ikauawa, ikachukuliwa, ikafa kwa kufungiwa mahali hakuna malisho. Kuna familia hazikuwahi kurudi mahali zilikuwa. Kwa hivyo ukiona kijiji na mabati na mathe hana hata mbuzi wa kukamua, usidhani ni uvivu wa jana. Hiyo hesabu ilianza kabla ya buda yako kuzaliwa.

Waborana wenyewe wako na maneno ya hii kitu, na ni maneno yenye akili. Mifugo wanaigawa mara mbili. Kuna warra, wale wanaobaki nyumbani, wengi wao wa kukamua. Na kuna fora, wale wanaopelekwa mbali na vijana kutafuta malisho. Hiyo warra ndio friji ya mtoi. Sasa ukame ukiwa mkali, nyasi za karibu na boma zinaisha, na inabidi hata wale wa kukamua waende fora. Mifugo inapona huko, kweli. Lakini maziwa yanaenda na wao. Vijana wa fora wanakunywa, mtoi aliyeachwa Korbesa na mathe yake anabaki na unga.

Hebu soma hiyo tena pole pole, juu ndio kiini cha haya mambo yote. Familia inaweza kuwa na mifugo hai, inayotoa maziwa, na bado mtoi wao akonde, kwa sababu tu maziwa na mtoi hawako mahali pamoja.

Na mamathe wanajua. Chini ya mradi wa Nawiri, uliokuwa unalipwa na Marekani kupitia USAID na kuongozwa na Catholic Relief Services kwa Isiolo na Marsabit, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walifanya kitu ambacho naona kilikuwa na heshima. Badala ya kuja na fomu ya kurasa arobaini, walikaa chini na wanawake. Wakachora miezi ya mwaka chini, wakawapa mawe, wakawaambia: wekeni mawe mengi penye watoto wanakonda sana, machache penye wako sawa. Alafu wakafanya hivyo kwa maziwa, kwa mvua, kwa kazi ya mwanamke. Hakuna kalamu, hakuna kizungu. Mawe yakaongea. Penye maziwa yanaisha ndio penye watoi wanakonda, mwisho wa kiangazi kirefu. Na mzigo wa mama unapanda wakati huo huo, kutafuta maji, kutafuta kuni, kuhangaikia mbuzi dhaifu, na mtoi mdogo anaachiwa dada yake wa miaka saba.

Hilo jambo la misimu si la Isiolo peke yake. Watafiti wengine wa hicho chuo, Helen Young na Anastasia Marshak, walichimba namba za Chad, Sudan na Sudan Kusini wakakuta kitu karibu sawa: watoi wa nchi kame wanakonda zaidi mwisho wa kiangazi, kabla mvua ishike vizuri. Kitambo wengi walikuwa wanaangalia tu ule msimu wa njaa kabla ya mavuno, kama kwamba kila mtu ni mkulima. Ukiwa mfugaji, kalenda yako ni ingine kabisa.

Kwa hivyo ukijua kalenda, si unaweza kuwahi?

Kuna watu walijaribu. Upande wa Somali wa Ethiopia, kati ya 2009 na 2012 hivi, Tufts na Save the Children walifanya kazi waliyoiita Milk Matters. Wazo lao lilikuwa rahisi hadi unajiuliza kwa nini halikufikiriwa kitambo: kiangazi kikianza, peleka chakula cha mifugo kwa boma, ulishe ng'ombe na mbuzi wachache wa kukamua, wabaki karibu na watoi. Wengine waende fora. Maziwa yakaendelea kutoka, watoi wakaendelea kunywa, na hali yao ikashikilia vizuri kuliko kwa wale hawakupata huo msaada. Baadaye hapa Kenya, Laisamis, Marsabit, timu ya watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakalijaribu kwa ukali zaidi. Vijiji vikagawanywa kwa bahati nasibu: vingine vikapewa chakula cha mifugo, vingine chakula cha mifugo pamoja na ushauri wa lishe kwa mamathe, vingine vikabaki kama kawaida ili kulinganisha. Kulisha mbuzi kukasaidia watoi wasikonde.

Kulisha mbuzi ni dawa ya watoto. Ukiwaambia watu wa bajeti hivyo wanakutazama kama umevuta kitu, juu chakula cha mifugo kiko wizara ya kilimo na mtoi yuko wizara ya afya, na hizo ofisi mbili hata chai hawanywi pamoja.

Sasa kuna msee ataniuliza, sawa, mtoi akikonda mwezi wa pili si atanenepa mvua ikija? Wengine wananenepa, ndio. Lakini kukonda mara kwa mara kunachangia kitu kingine kinaitwa kudumaa, yaani mtoi anakuwa mfupi kuliko umri wake. Na ufupi wenyewe si tatizo, kuna watu wafupi wameomoka vizuri. Tatizo ni kwamba ile njaa na magonjwa yaliyozuia mifupa ikue pia yaligusa ubongo, hasa kwa zile siku elfu moja za kwanza, kutoka mimba hadi miaka miwili. Ubongo haukungoji ati mambo yakae sawa ndio ujijenge.

Na chakula cha mnyama kina mambo yake hapo. Kule Embu, kuanzia 1998, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California walichukua shule 12. Watoto wengine wakapewa githeri na nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri na mafuta ya ziada, na wengine hawakupewa kitu hapo shuleni. Wa nyama wakapanda zaidi kwa mtihani wa kufikiri. Wa maziwa hawakupanda hivyo kwa huo mtihani, ingawa wale wadogo waliodumaa waliongeza urefu. Nakupa na sehemu isiyonisaidia ili ujue siwauzii maziwa kama dawa ya mganga. Hao pia walikuwa watoto wa shule, sio wa miezi kumi. Lakini ukijumlisha na mengine, unaona vile mlo wa unga na chai pekee unavyomnyima mtoi vitu ambavyo haviko kwa unga.

Hapa lazima nikubali kitu kizuri, juu hatuwezi kaa tukilia tu. Kenya imesonga. Utafiti wa KDHS wa 2014 ulikuta asilimia 26 ya watoi chini ya miaka mitano wamedumaa. Wa 2022 ukakuta 18. Vifo vya watoi chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 52 hadi 41 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai. Hizo si namba ndogo, nyuma yake kuna maelfu ya watoi wanaokimbia barabarani saa hii ambao hawangekuwa. Ila wastani ni kitu cha ujanja. Huo utafiti wa 2022 ulikuta Kilifi iko 37, West Pokot 34, Samburu 31. Ukiweka mtoi wa Kilimani na mtoi wa Samburu kwa hesabu moja unapata wastani, na huo wastani si mtoi wa mtu yeyote.

Alafu kuna ukame wa 2020 hadi 2023. Misimu mitano ya mvua ilifeli, mmoja baada ya mwingine, Ganna na Hagaya, Ganna na Hagaya, kama mtu amezima switchi. Zaidi ya mifugo milioni 2 wakafa kwa kaunti kame. Mwanzo wa 2023, makadirio yalikuwa watoi zaidi ya 900,000 kwa hizo kaunti wanahitaji matibabu ya utapiamlo. Onyo lilikuwa wapi? Kila mahali. Ripoti za kila mwezi zilitoka. Mvua ya pili ilipofeli, kila mtu mwenye kazi hiyo alijua. Chakula cha mifugo kilifika sehemu fulani, kidogo, na kwa wengi kilifika ng'ombe wakiwa washalala chini. Tukaja kuonyeshwa watoi kwa runinga wakati mikono ishaingia nyekundu, tukachanga, tukatuma unga. Alafu Novemba 2023 mvua ya El Niño ikaja na fujo yake, Ewaso Nyiro ikafurika, na mifugo iliyobaki ikakutana na maji.

Kwa nini naleta hizi mambo sasa? Juu hata ule mfumo wa kuchelewa umevunjwa mguu.

Januari 20, 2025, siku yake ya kwanza kurudi ofisini, Donald Trump alisimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje. Mwisho wa huo mwezi FEWS NET, ule mfumo wa kuonya kuhusu njaa uliojengwa baada ya njaa ya Ethiopia ya miaka ya 1980, ukazimwa mtandaoni, na ulikaa miezi kabla ya kurudi. Februari, mpango wa DHS, ndio huo uliosaidia kupima watoi wa Kenya na nchi zingine kibao kwa miaka 40, ukakatwa pesa. Julai 1, 2025, USAID yenyewe ikafungwa rasmi. Marekani ndio ilikuwa mnunuzi mkubwa wa zile pakiti za siagi ya njugu, maziwa, sukari na mafuta, kama Plumpy'Nut, ambazo mtoi wa nyekundu anapewa. Pakiti moja ni gramu 92, kalori kama 500, haitaki kupikwa, haitaki maji. Hata hapa Kenya, Athi River, kuna kiwanda kinatengeneza. Kiwanda kiko, mtoi yuko, aliyekuwa analipa katikati ndiye ameondoka.

Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu misaada. Mimi pia niko na yangu. Miaka kumi na kitu baada ya afya kupelekwa kwa kaunti, mwaka wa 2013, kwamba utepe wa kupima mkono wa mtoi wa Kenya ulikuwa unategemea uchaguzi wa Marekani ni aibu yetu, sio ya Trump. Hakutuibia. Alichukua chake, tukajikuta tuko uchi.

Nani anabaki? Anabaki yule mhudumu wa afya wa jamii. Septemba 2023 Rais Ruto aliwapa mikoba wahudumu zaidi ya 100,000, ndani kuna huo utepe, mizani, kipimo cha joto na simu. Malipo yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Mtaani Umoja 5,000 labda inakulipia wifi na gesi. Kwa huyo mama wa upande wa Merti, hiyo 5,000, ikifika kwa wakati, ndio inamfanya atembee kutoka boma hadi boma kwa jua la saa saba kuzungusha utepe. Akifika Korbesa akikuta njano, anaandika. Nani anasoma alichoandika, na anaweza kufanya nini kabla iwe nyekundu?

Hapo ndio naona ujinga wa kutenganisha mkono na maziwa. Juu hiyo ripoti ya NDMA ya kila mwezi, ambayo nimekutajia, haipimi mikono peke yake. Inapima pia maziwa: nyumba moja inakamua lita ngapi kwa siku, na inakunywa ngapi. Hiyo sehemu ya maziwa iko hapo, imeandikwa, kabla hata ufike ukurasa wa MUAC. Kama setilaiti ya nyasi inaweza kutoa pesa ya ng'ombe, kwa nini lita za maziwa zisitoe nyasi za warra? Weka kiwango. Sema, lita zikishuka chini ya hapa Januari, kaunti inafungua stoo na marobota yanaenda Korbesa, kwa mbuzi wachache wa kukamua wa kila boma lenye mtoi chini ya miaka mitano. Usiulize kama kuna mtoi amekonda. Usingoje.

Kuna wale hawana mbuzi wowote, na nyasi haziwasaidii. Hao wanahitaji pesa mkononi, na njia iko. Mpango wa HSNP ulianza kaunti nne za kaskazini ukaongezwa zingine, Isiolo ikiwemo, na kwa miaka umekuwa ukilipa 5,400 kila miezi miwili. Tena, kitu kiko. Swali ni inafika lini, na inafika kwa mathe mwenye mtoi mdogo au kwa jina lililoandikwa kitambo.

Watu wa rika letu tulisoma Mswada wa Fedha wa 2024 mstari kwa mstari. Msee ambaye hakuwahi kufungua kitabu tangu fomu foo alikuwa anakwambia ushuru wa mkate uko kifungu gani. Bajeti ya Kaunti ya Isiolo ni kidogo kuliko hiyo, na ni rahisi kusoma. Tafuta laini ya chakula cha mifugo. Alafu tafuta laini ya lishe ya watoto, ujionee kama ina pesa ya kaunti yenyewe au ilikuwa imeachiwa wafadhili.

Hagaya huwa inaisha Desemba. Januari ikifika, vijana wa Merti wanatenganisha mifugo, hawa fora, hawa warra, na wale wachache wanaobaki ndio watamnywesha mtoi wa Korbesa hadi Ganna ianze Machi au Aprili. Ripoti ya NDMA ya huo mwezi ni ya bure, iko mtandaoni. Nenda moja kwa moja kwa sehemu ya maziwa. Alafu kama uko na MCA wa Isiolo kwa Facebook, yule mliyekuwa mnabishana naye kuhusu gavana, muulize stoo ya kaunti iko na marobota mangapi.